Nywele za Nyuma ya Kioo

Wazungu wa karne ya kumi na tisa walikuwa na ratiba ya kulia. Msidhani nasema hivi kuwadharau. Haya, nawadharau kidogo, lakini ratiba ilikuwepo kweli. Mume akifa, mjane alivaa nyeusi tupu mwaka mmoja na siku moja: kitambaa kisichong'aa, chenye kukwaruza shingo, na mvua ikimnyeshea kilichuja rangi mpaka mwenyewe akawa mweusi siku mbili tatu bila kuomba. Baadaye aliruhusiwa kuvaa kijivu. Halafu zambarau iliyopauka. Huzuni yao ilikuwa kama homa inayoshuka digrii kwa digrii, na majirani ndio waliokuwa wameshika kipimajoto. Mwanamume akifiwa na mke alifunga utepe mweusi kwenye kofia, akarudi kazini, na baada ya miezi michache alionekana kwenye ibada amechana nywele vizuri mno.

Mambo haya niliyajua mwaka jana, nikiwa darasa la kumi hapa Annandale, Marekani. Mwalimu wetu wa historia alitugawia mada kwa kutuokotesha vikaratasi kwenye kofia. Wenzangu waliokota vita, reli, dhahabu. Mimi niliokota vito na desturi za msiba. Mwalimu ni mama Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu, na mpaka leo anakizungumza kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Aliniambia mbele ya darasa zima, "Hongera, mwanafunzi wangu. Mada hii itakufaa, kwani wewe wapenda mzaha kupita kiasi." Darasa likacheka bila kuelewa hata neno moja. Mimi niliyeelewa ndimi ambaye sikucheka.

Kitu pekee kilichong'aa ambacho mjane yule aliruhusiwa kuvaa kilikuwa jeti. Hapana, si ndege. Ni jiwe jeusi ambalo hata si jiwe. Ni mti ulioanguka majini zamani za kale, ukazikwa na matope, ukakandamizwa mpaka ukawa binamu wa makaa ya mawe, kisha watu wakauchonga ukawa shanga, misalaba na pini za kifuani. Ni mwepesi ajabu. Ukiugusisha shavuni hauna baridi. Waliokosa jeti ya kweli walivaa kioo cheusi, na kioo humtobolea mtu siri mara moja maana kina baridi kama mgongo wa chura. Naona kila mtaa ulikuwa na shangazi wa kazi hiyo, anakukumbatia kukupa pole huku shavu lake likikagua mkufu wako.

Halafu kuna nywele. Mtu akifa walimkata shungi, wakalisuka dogo dogo, wakaliweka nyuma ya kioo ndani ya pini ya jeti, na aliyebaki akatembea naye kifuani. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikacheka mpaka mama wa maktaba akanionyesha mlango.

Lakini nisiwacheke wazungu peke yao. Miaka miwili kabla ya hapo nyanya yangu, mama mzazi wa Mama, alifariki kijijini kwetu magharibi mwa Kenya. Mama hakuweza kwenda. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa hayajaiva. Akitoka Marekani, kurudi ni bahati nasibu. Basi msiba ukaja kwetu, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule. Akina mama wa ushirika wa kanisa walijaa jioni tano mfululizo. Wanaitana dada wote, hata wasiopendana. Walikuja na leso za kufanana na fulana zenye picha ya nyanya, na fundi wa fulana alikuwa amemkata kichwa juu ya nyusi ili nafasi itoshe maneno. Waliimba. Walisali kwa zamu, na kila aliyesali alisali akiwa na yule aliyemtangulia akilini, kwa jinsi alivyohakikisha anampita kwa dakika tatu. Na walikula. Ewe Mola, walikula! Mama alikuwa jikoni na kifimbo cha kusukumia chapati jioni zote tano, akitoka tu kuitikia "amina" na kuuliza nani hajapata chai.

Mwenyekiti wao alitupangia kila kitu. Ni muuguzi, mtu wa kwetu kabisa, sauti kama ya kengele ya shule, na ana wigi la rangi ya asali ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuliona limekaa mahali pengine isipokuwa kichwani pake. Kwa msiba wa mwenzake huyo ni jemadari. Msiba wake mwenyewe ulipofika, mwaka jana mwanzoni, kaka yake alipokufa nyumbani na hospitali yake ikakataa kumpa ruhusa, alisimama kwenye ushirika, akatangaza kama anayetangaza siku ya usafi, akakaa, akaomba kuletewa sahani. Nilimwiga kwa wiki nzima. Mdogo wangu, anayesikia Kiswahili vizuri lakini hujibu Kiingereza tu, alikuwa akinibembeleza nirudie.

Siku ya mazishi ya nyanya yenyewe, Mama alikwenda kazini kama kawaida. Nililiona jambo hilo, likanishangaza, nikaliacha.

Kazi yake ilikuwa kwa bibi mmoja mzee wa Kizungu, hapa hapa Annandale, nyumba ya matofali yenye ngazi tatu za mbele na reli ya kushikia. Miaka mitano Mama alimwogesha, alimlisha, alimpaka mafuta visigino, alimsomea barua kwa sauti na lafudhi ambayo yule bibi alidai ni ya malkia fulani. Mama akirudi alikuwa akituhadithia vituko vyake, na mimi nilikuwa nikiviongezea chumvi. Basi bibi huyo naye akafa, mwezi wa pili mwaka jana, usingizini, zamu ya mtu mwingine. Mama alikwenda kwenye ibada. Binti wa marehemu, aliyesafiri kutoka kaskazini na viatu vya kelele, alimkalisha safu ya nyuma karibu na waliopamba maua, na watu walipouliza yule ni nani, alisema ni msaidizi. Kisha mlangoni akampa kifuko cha plastiki, vile vya kufungia nyama kwenye friza. "Alisema upewe hiki." Basi. Miaka mitano, kifuko cha friza.

Mama alifika chini ya jengo letu akakaa ndani ya gari. Nilimwona kutoka dirishani. Alikaa mpaka vioo vikajaa ukungu. Alipopanda, alikiweka kile kifuko kwenye droo yake, chini ya vitambaa vya kichwa, akatugeukia mimi na mdogo wangu.

"Humu asiguse mtu. Nikikuta kimesogea hata kidogo, mtanitambua."

Sasa mtu akikuambia hivyo na wewe una miaka kumi na sita, utafanya nini?

Ilikuwa pini ya kifuani. Ya mviringo kama yai, nyeusi, imechongwa majani kuzunguka ukingo, na katikati ina kidirisha cha kioo. Nilijua ni nini kabla sijaishika. Niligusisha shavuni: haina baridi. Niligeuza kikombe cha chai, nikaikwaruza taratibu kwenye ule mzingo mkavu wa chini usiopakwa rangi, ikaacha mstari wa kahawia, vile vile kitabu kilivyosema. Jeti halisi! Ndani ya droo, chini ya vilemba, katika nyumba ambayo saa ya ukutani ilitoka duka la Wakorea kama zawadi ya kununua mchele.

Na nyuma ya kioo kulikuwa na nywele. Msokoto mwembamba, laini, wa rangi ya chai ya maziwa. Mzungu, bila shaka. Lakini kando yake, kimebanwa pembeni kama abiria aliyechelewa, kulikuwa na kifundo kidogo cheusi, kimejikunja, kigumu. Za kipilipili. Nywele kama zangu.

Niliipeleka shuleni bila kumwambia Mama, nikairudisha siku hiyo hiyo. Mwalimu aliishika kwa leso, akavaa miwani juu ya miwani. "Mwanafunzi wangu," alisema, "kitu hiki kililiwa machozi." Sikujua kama amekosea Kiswahili au la, nikaogopa kumuuliza. Lakini hata yeye hakujua kifundo cheusi kilitoka wapi. Alinipa alama ya juu kabisa, A yenye duara jekundu, na nikabandika kurasa zangu zote tisa kwenye mlango wa friji ili nyumba nzima ijue inaishi na nani.

Hapo ningeishia, hadithi ingekuwa fupi na mimi ningekuwa na heshima.

Jumamosi iliyofuata ushirika ulikuwa kwetu. Mama alikuwa kazini, ameshapata mteja mwingine, babu mmoja asiyetaka kuvaa suruali. Alikuwa arudi saa tisa; akina mama wangeanza saa nane, mimi niwape chai. Nikafikiri: chai tupu haina burudani. Nikafungua droo, nikajibandika ile pini kwenye fulana yangu, ile ya nyanya aliyekatwa kichwa, nikatoka na sinia.

Mwenyekiti ndiye aliyeiona kwanza. Macho yake hayakosi kitu.

"Eh! Msichana, umependeza. Hiyo pini umetoa wapi?"

"Ni ya Mama, anti. Aliachiwa na yule bibi wake aliyekufa."

"Nzuri. Hebu." Akainama, wigi likatangulia. "Na hapa katikati ni nini? Ni uzi?"

Wapo watu ambao hapo wangesema ni uzi. Mimi si wao.

"Si uzi, anti. Ni nywele za maiti."

Kikombe kimoja kiligonga sahani. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Wanawake tisa wazima, wameacha kutafuna wote kwa pamoja. Basi nikaendelea kumwaga. Nikawaeleza jinsi walivyokuwa wakimkata marehemu nywele na kumsuka, jinsi walivyotembea naye, jinsi hii nyeusi yenyewe ni mti uliozikwa na ukakataa kuoza. Kila neno lilikuwa la kweli. Nililitamka tu kwa sauti ya kaburini.

Mama mmoja Mkongomani wa Bukavu, mpole sana, ambaye dakika tano kabla aliniita malaika kwa sababu ya sukari, alisimama akasogea. "Alor, ngoja nione." Akaona. Akarudi nyuma hatua mbili. "Mama yangu! Iko na nywele mbili! Moja ya muzungu, moja ya mutu mweusi! Hii ya mutu mweusi, ni ya nani?"

Wote wakanitazama. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikasema:

"Sijui, anti. Labda za msichana wa kazi aliyetangulia."

Niliona ni mzaha bora kuliko yote niliyowahi kutunga. Halafu sebule ikalipuka.

"Damu ya Yesu!"

"Ndiyo maana! Si mnakumbuka gari lake liliharibika mwezi wa tatu?"

"Na mgongo! Si amekuwa akilia mgongo?"

"Anamfuata! Yule bibi alikufa, anataka mwenzake wa kumhudumia huko!"

"Kwetu Bukavu," alisema yule mama, mkono kifuani, "nywele ya mufu haiingie mu nyumba. Hapana. Banaizika, ao banaichoma. Vwala."

"Itachomwa," alisema mwenyekiti. "Leo. Kabla dada yetu hajarudi, asije akasita. Msichana, vua."

"Anti, nilikuwa nacheza tu. Ni vitu vya historia, mwalimu amesema..."

"Vua!"

Nikavua. Sauti ile haijadiliwi. Wakaiweka kwenye sahani, wakaimwagia mafuta ya upako, ambayo ni mafuta ya zeituni ya kawaida ya dukani lakini yameombewa, wakaizunguka na kuikemea kwa lugha nne. Pini ikakaa pale kwenye mafuta kama zeituni yenyewe, haina habari. Mwenyekiti alifungua mlango wa kibaraza, tunapoweka jiko la kuchomea nyama ambalo uongozi wa majengo umeshatuandikia barua tatu kulikataza. Makaa yalikuwemo lakini yamelowa. Alipuliza, hayakushika. Akarudi ndani, akaangaza macho huku na huku akitafuta karatasi, na macho yakatua kwenye mlango wa friji.

"Hapana, anti! Hiyo ni ya shule!"

"Imeandikwa nini?"

"Maombolezo."

"Basi ndiyo iliyoleta."

Kurasa tisa. Duara jekundu lilitangulia kuwaka. Nilisimama nikiangalia A yangu ikijikunja, na bado, bado, mdomo wangu haukuwa umeshiba.

"Itawaka vizuri," nikasema. "Ni binamu wa makaa."

Mwenyekiti alichukua koleo la kugeuzia nyama, akaishika ile pini, akainyanyua juu ya moto ulioanza kushika. Hapo ndipo nilipoacha kufurahi. Nilimkumbuka Mama ndani ya gari lililojaa ukungu. Sikuwa najua pini ile ni nini kwake, ila nilijua sasa kwamba ni kitu, na kwamba ndimi niliyeifikisha kwenye koleo. Nikamshika mwenyekiti mkono. Akanipangusa kama nzi.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Mama aliingia na yunifomu yake ya zambarau yenye picha za paka, mfuko wa mboga mkono mmoja, viatu vya kazi mkono mwingine. Alinusa. "Nani anachoma nyama bila mimi?" alisema, na alikuwa anacheka. Halafu akaona mlango wa kibaraza, akaona koleo, akaona kilichoko kwenye koleo.

Sijawahi kumwona Mama akitupa chakula. Mfuko ulianguka, nyanya zikatembea mpaka chini ya kochi.

"Weka chini."

"Dada, ngoja tukueleze, hiki kitu..."

"Nimesema weka chini."

Hakungoja. Alipita katikati yao, akaichukua ile pini kutoka kwenye koleo kwa mkono wake mtupu, mafuta na joto na yote, akaifunika kiganjani. Alisimama hivyo, mgongo kwenye reli ya kibaraza, moshi wa kazi yangu ya historia ukimpita usoni.

"Dada, ina nywele za wafu," alisema mwenyekiti, sasa kwa upole. "Tunakutetea. Ndiyo kazi yetu. Tulipokuwa kwenye msiba wa mama yako..."

"Msiba wa mama yangu," alisema Mama. "Mlikuja."

"Tulikuja! Siku tano!"

"Siku tano mlikuja. Na siku tano nikawapikia."

Hakuna aliyeitikia amina.

"Siku anazikwa," Mama akaendelea, na hakuwa anapaza sauti hata kidogo, "ilikuwa saa moja asubuhi hapa, saa nane mchana kwetu. Niko jikoni kwa yule bibi, namkorogea uji wake wa shayiri, simu nimeibana begani hivi. Kaka yangu ameshikilia ya kwake juu ya kaburi nisikie. Nasikia upepo. Nasikia wanaimba. Wanaanza kumteremsha, na yule mwanamke wa kadi ya simu anaingia: umebakiwa na dakika moja. Mama yangu anashuka, yeye ananihesabia. Halafu tuu, tuu, tuu."

Mama wa Bukavu alikaa chini, palepale kwenye kizingiti.

"Yule bibi hakuniuliza kitu. Alishika kigari chake cha kutembelea akaenda chumbani. Mnajua alivyokuwa anatembea, aliondoka mpaka uji ukaungua. Akarudi na hii. Akanibandika hapa." Alijigusa kifuani, juu ya paka mmoja. "Akaniambia mama wa bibi yake aliivaa mumewe alipouawa vitani, mwaka mmoja na siku moja. Kwamba ukiivaa, watu wanajua, hawakusumbui. Nikamwambia kwetu hatuvai kitu, kwetu watoto wa marehemu tunanyolewa siku ya tatu. Nikasema hata hilo mimi sitalipata. Siku ya tatu nafika kazini, amekaa mezani na mkasi wake wa kucha."

Aligeuka, akainua kitambaa, akatuonyesha kisogoni. Hapakuwa na kitu cha kuona tena, zilishaota. Tuliangalia hata hivyo.

"Mikono inamtetemeka vile, nilidhani naondokewa na sikio. Akakata hapa. Akafungua kioo, akaziweka ndani karibu na zile zao. Niliivaa kila zamu mwaka mzima na siku moja. Nikitoka naiacha kwenye meza ya mlangoni, kesho naichukua. Hapa sikuwahi kuivaa, maana hapa mlishamaliza kulia."

Kisha akauliza lile nililokuwa nasali asiulize.

"Na ni nani aliyewaambia hizi ni za nani?"

Vidole tisa. Sitasahau jinsi vilivyonyooka, hasa kile cha Bukavu.

"Alisema nini?"

Hakuna aliyetaka kulirudia. Nikalirudia mwenyewe, nikiangalia zulia.

"Nilisema ni za msichana wa kazi aliyetangulia."

Mama alinigeukia. Nilijiandaa kwa kofi, nilijiandaa kwa kelele, nilikuwa hata na jibu la akiba kwa kila kimoja.

"Ni kweli," alisema. "Ni za msichana wa kazi."

Akaingia ndani, akakaa mezani, akaanza kuipangusa mafuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Nilianza kuokota nyanya chini ya kochi, maana ni mahali pazuri pa kuwa. Nikiwa huko niliona viatu vya mwenyekiti vikija mpaka mezani, vikasimama, kimoja kikapanda juu ya kingine kama vya mtoto aliyeitwa ofisini.

"Dada," alisema. "Inafunguka vipi?"

"Nini?"

"Hicho kioo. Kinafunguka?"

"Nyuma kuna kibano. Unakibinya na ukucha."

"Kuna nafasi?"

Nilitoka chini ya kochi na nyanya nne kifuani. Mwenyekiti alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, na ile sauti ya kengele sijui alikuwa ameiacha wapi.

"Kaka yangu," alisema. "Sikunyolewa."

Mama alimtazama juu, akamtazama zaidi, akateremsha macho taratibu kutoka kwenye lile wigi la asali mpaka usoni.

"Ziwe za kwako," alisema. "Si za duka."

Kama ningesema mimi hilo, ningekuwa nimeshazikwa. Lakini mwenyekiti alitoa sauti ya ajabu puani, na ilichukua muda nielewe kwamba anacheka, na muda zaidi nielewe kwamba si kucheka tu.

"Mtoto huyu atoke nje."

"Hatoki," alisema Mama. "Si anapenda mambo ya nywele? Atashika."

Hivyo ndivyo nilivyopokea wigi la mwenyekiti wa akina mama kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto, zito kuliko nilivyodhani, kama paka aliyelala. Chini yake kulikuwa na kichwa kidogo cha mtu wa kawaida, misuko ya twende kilioni ya mistari sita, mvi zimeshika mbele. Mizaha ilinijia kumi na moja. Niliihesabu na nikaimeza mmoja mmoja, na ule wa saba ulikuwa mzuri sana, unaniuma mpaka leo.

Mama alileta mkasi wa kucha. Alifumua msuko mmoja nyuma ya sikio.

"Kata kombo kidogo," alisema mwenyekiti, kichwa kimeinama. "Tukiwa wadogo yeye ndiye alikuwa kinyozi wetu. Hakuna siku alitunyoa sawa. Tulikuwa tunakwenda shule kama mbuzi walioliwa nywele na wenzao."

Mama akakata kombo. Akafungua kioo kwa ukucha, akasukuma kifundo chake kikabanana zaidi na ule msokoto wa Kizungu, akaingiza cha tatu. Kioo kikakataa kufunga. Akabinya, kikakataa, akabinya tena, kikafunga kwa mlio mdogo. Akaibandika pini kwenye blauzi ya mwenyekiti, upande wa kushoto.

"Mwaka na siku moja. Halafu uirudishe." Akanigeukia. "Wewe, tia alama kwenye kalenda. Na Jumatatu utamweleza mwalimu wako karatasi zako ziko wapi, kwa Kiswahili."

Wengine walikuwa bado wamesimama mlangoni pa kibaraza, hawajui waimbe au waondoke. Nyuma yao makaa yalikuwa yameshika vizuri sasa, mekundu, hayana moshi. Mama wa Bukavu aliinuka kutoka kwenye kizingiti, akajifuta macho na leso, akayatazama.

"Alor," alisema, "moto iko muzuri. Kuko nyama?"

Mama alisema iko kwenye friza, atoe mtu mwingine, huyu aliyeshika wigi asisogee karibu na moto.